Ugonjwa Uliozaliwa Ndani ya Bandama

Nyamira, Kisii
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Nakuamkia kutoka huku milimani, nikiomba magoti yako yawe yametulia na upepo wa kusi usiwe umekurudishia kile kikohozi. Kaka Stefano aliniandikia kwamba umeanza tena kwenda kanisani kwa miguu yako mwenyewe, nikafurahi. Watoto hawajambo. Kwamboka anang'oka meno ya mbele, na Musa sasa anasema Kigusii cha kunipita. Baba yao, Samweli, anakusalimu sana.

Mimi mwilini mzima, lakini kukaa kitako siwezi. Barua hii nimeianza, nikainuka kuchochea moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri tu, nikarudi, nikainuka tena kumchungulia mavyaa wangu. Amelala juani kwenye mkeka, nje ya jiko lake, akipata joto kabla mvua ya alasiri haijashuka. Nikikuandikia mambo ovyo ovyo, nivumilie.

Mama, mavyaa anakufa. Nimelisema mapema ili usilitafute katika kila mstari. Nitakueleza tangu mwanzo, kwa kuwa mwishoni nina ombi, na ombi lenyewe si langu, ni lake.

Wewe unamjua kwa barua tu. Jina lake Kerubo. Ndiye aliyetupokea hapa Samweli alipoacha kazi ya bandarini kuja kupanda chai, wakati ule kila boma la huku lilipokuwa likichukua miche. Hakunipenda siku hiyo. Aliishika mikono yangu, akaigeuza, akasema neno, wanawake wote wakacheka. Samweli alikataa kunitafsiria mpaka mwaka ukaisha. Kumbe alisema, "Mikono hii imezoea kushika samaki aliyekwisha kufa." Lakini ndiye aliyenifunza kuchuma, majani mawili na chipukizi, na kila nilipokosea alinipiga kidole kidogo tu, hakunitukana. Huku mama mzazi huitwa "Baba." Nilipomwita hivyo mara ya kwanza, niliona haya kana kwamba nimemwita marehemu baba yangu. Yeye aliitika tu, akaendelea kukata mboga.

Maradhi yalianza kama homa ya kila mtu. Mwaka jana mvua zilizidi, na malaria ikapanda mpaka huku juu ambako wazee wanasema zamani haikuwa ikifika. Mavyaa akawa anachoka. Akasema ana kitu kizito chini ya mbavu za kushoto, kama mtoto amelala upande. Dresa wa zahanati alimpapasa akasema, "Ni bandama. Malaria imelivimbisha." Bandama ndilo lile wewe huliita wengu, mama. Akampa vidonge vichungu vya malaria. Homa ikashuka, uzito ukabaki. Akapewa tena. Simlaumu dresa, nusu ya watu waliokuwa kwenye foleni yake walikuwa na bandama lililovimba, na wengi walipona kwa vidonge vilevile.

Lakini mavyaa alikonda. Kanga niliyomletea kutoka kwetu ilikuwa ikimzunguka mara moja, sasa ikamzunguka karibu mara mbili. Akawa akijigonga kidogo tu anatoka madoa meusi. Akila matonge mawili ya ugali anasema ameshiba. Nikamwambia Samweli, "Tumpeleke Kisii kwenye hospitali kubwa." Samweli akasema tungoje chai ya msimu ipungue. Ndugu yake mkubwa, Nyangau, hakusema tungoje. Alisema jambo jingine.

Nyangau si mtu mbaya, mama. Anampenda mama yake kupita anavyowapenda wanawe. Lakini hofu ilimwingia, na hofu yake ikatafuta mlango wa kutokea, ikauona mlango wangu. Alisema mbele ya watu, "Tangu zamani nasikia watu wa pwani wanafuga majini. Jini likinyimwa damu linakunywa ya aliye karibu. Mama yetu anakauka. Nani aliye karibu naye?" Sote tulimwelewa. Kesho yake kisimani wanawake walinipisha nichote wa kwanza, nami nikajua hiyo si heshima.

Unaona nilivyonaswa. Nikinyamaza, anakufa kwa vidonge vya malaria. Nikimpeleka hospitali akafia huko, itasemwa nilimpeleka jini likamalizie.

Siku mambo yalipotokea, hakuna aliyeniuliza nataka nini. Tulikuwa tunachuma asubuhi, umande haujakauka. Mavyaa alikuwa mstari wa juu yangu. Aliinama kuchukua kikapu, nikasikia amesema "Eh!" kama mtu aliyeitwa ghafla. Akakaa chini katikati ya michai. Nilipomfikia uso wake ulikuwa rangi ya majivu, midomo myeupe, jasho baridi linamtiririka. Nilimshika tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Baba, nini?"

"Kimekatika," akasema. "Kitu kimekatika ndani."

Nilipiga ukelele. Tulimbeba kwa blanketi, wanawake wanne na mimi, mpaka kwenye banda la kununulia majani, maana lori la kiwanda lilikuwa pale linapakia. Karani alisema haiwezekani. Dereva naye akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hii majani ikikaa kwa jua itaungua. Nikienda Kisii kwanza, mimi nitafukuzwa kazi."

Nilikwenda nikasimama mbele ya lori, mikono juu ya boneti, na injini ikinguruma tumboni mwangu. Mama, sikuwa shujaa. Ndara moja ilinivuka, nami niliogopa kuinama kuichukua. Dereva alinitazama, akamtazama mavyaa pale chini, akazima injini. Akasema, "Mlazeni juu ya majani, iko laini kuliko chuma." Basi tukamlaza juu ya majani mabichi, nami nikakaa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na barabara yote ile ya murram, ya udongo na kokoto, nikawa nasema naye ili asilale. Sikumbuki nilisema nini. Kigusii changu kilikuwa bado cha kuombea chumvi, kwa hiyo nadhani nilimwomba chumvi mpaka Kisii mjini.

Daktari mpasuaji ni Mganda mmoja mrefu, aliyevuka kuja kwetu baada ya mambo ya kwao kuharibika. Alimgusa tumbo, akamdunga sindano tumboni palepale, akavuta, ikatoka damu. Akasema kwa Kiswahili chake cha kupinda, "Huyu anavuja ndani. Nataka damu, na naitaka sasa."

Samweli na Nyangau walikuwa wametufuata kwa matatu, wakafika. Walipimwa wote wawili. Ya Samweli ikafaa, lakini hakutosha peke yake. Ya Nyangau haikufaa, akakaa chini kwenye sakafu akajifunika uso. Mimi nilipimwa, ikafaa. Hapo Nyangau akainuka.

"Damu ya huyu isiingie kwa mama yetu."

Daktari alikuwa amekwisha kuvaa kofia. "Mzee," akamwambia, "mama yako anakufa pale ndani. Hiki kikao mtakifanya mkifika nyumbani."

Muuguzi akanivuta mkono, nikalazwa kwenye benchi. Nilitazama damu yangu ikishuka kwenye chupa nikawa nasema moyoni, usiwe na kitu kibaya, usiwe na kitu kibaya, kana kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumwamini Nyangau.

Mavyaa alitoka hai kwenye upasuaji. Lile bandama daktari alitutolea kwenye beseni tulione. Mama, usiku wa siku hiyo sikula. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha mbuzi, limechanika upande mmoja, na limejaa mafundo meusi, mengine yamejaa damu kama kupe. Daktari alikuwa amelikunjia uso.

"Hapa na kwetu nimetoa mabandama mengi ya malaria," akasema. "La malaria hata likiwa kubwa ni sawasawa kote. Hili lina vinundu. Sikipendi ninachokiona."

"Ni nini?" Samweli akauliza.

"Sijui. Nitakata kipande, kitatiwa dawa kisioze, kipelekwe Nairobi wakakitazame kwa darubini. Mpaka wajibu, mimi sisemi."

Basi tukangoja. Mavyaa alirudi nyumbani amepata rangi, anakula, anawagombeza wajukuu. Kanisani kwao Wasabato walimfanyia ibada ya shukrani, wakaimba mpaka mabati yakatetemeka. (Na hili nilitaka kukuchekesha nalo: wanalima chai, wanauza chai, na walio wakali katika imani hawainywi. Mavyaa ni mmoja wao.) Nyangau alinipa mkono siku hiyo, haraka haraka. Kila mtu alitulia isipokuwa mimi. Kila nikisikia gari nilikuwa natoka nje. Nilichuma chai vibaya, nikapalilia palipokwisha kupaliliwa. Samweli aliniambia, "Wewe unaita mabaya." Nikamwambia, "Mimi nangoja jibu. Nyinyi mmeacha kungoja."

Jibu lilipofika daktari alituita, mimi na Samweli. Alifunga mlango akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa ili atuachie viti.

"Ni kansa," akasema. "Na si ile ya kawaida. Kansa ikionekana kwenye bandama, mara nyingi imekuja kama mgeni, imetoka kwingine. Hii ilizaliwa humo humo, kwenye utando ulio ndani ya mishipa ya damu. Mimi nimeisoma tu. Aliyeitazama Nairobi aliwaita wenzake waje waione, kwa sababu nao ni nadra kuiona."

Samweli akasema, "Lakini ulilitoa. Lote."

"Nililitoa lote. Ila lilikuwa limekwisha kupasuka. Damu iliyomwagika tumboni ilikuwa na mbegu zake. Na ugonjwa huu ukiwa kwenye mishipa ya damu, una barabara ya kwenda popote."

Wakamwita mavyaa kupimwa tena, na kweli palikuwa na kitu upande wa kulia, kwenye ini; daktari akapapasa, akapapasa tena, akaosha mikono bila kututazama.

Akatuambia kuna sindano za dawa kali zinazotolewa Nairobi. Zimesaidia watoto wenye uvimbe wa taya, na wagonjwa wa kansa ya damu. Kwa ugonjwa huu hakuna anayejua. "Naweza kuwaombea kitanda. Kuahidi siwezi."

Njiani Samweli alinishika mkono, jambo asilolifanya hadharani. "Mama asiambiwe," akasema. "Kwetu mtu haambiwi kifo chake. Ukimwambia umemwita." Nikakubali. Yeye ni mama yake, si wangu. Tukamwambia tunakwenda Nairobi kuongezewa nguvu.

Nilifuatana naye mimi, kwa kuwa Samweli alibaki na chai na watoto. Ile wodi, mama, sitaki kuieleza sana. Walimtundikia chupa, dawa ikashuka, na baada yake akatapika mpaka akawa anatapika sauti tu. Nywele zake zilizokuwa bado nyeusi kuliko zako zilibaki kwenye mto. Wakampumzisha, wakamrudia tena. Mimi nililala kwa binamu yake Samweli kule Eastleigh, na kila asubuhi nilikuwa getini kabla ya saa ya kuwaona wagonjwa, natembea huku na huku kwenye ukuta mpaka askari wa getini akanizoea akawa ananiamkia.

Asubuhi moja mavyaa alinikalisha kitandani. Kitanda cha jirani yake kilikuwa kimeachwa kitupu tangu jana. Akaniuliza kwa Kigusii, polepole ili nielewe.

"Rehema. Mtu haongezewi nguvu namna hii. Nina nini?"

Nikatazama dirishani. Niliwaza maneno ya Samweli. Nikawaza pia kwamba yule mwanamke hajui Kiswahili cha madaktari wala Kiingereza chao, na katika jengo lile zima mtu wa kumuuliza ni mimi tu.

"Baba," nikasema, "ule ugonjwa haukuisha. Uko kwenye ini."

Akaishika ile shuka akaikunja pembe, akaikunjua.

"Samweli anajua?"

"Anajua."

"Ndiyo maana haniangalii usoni." Halafu akasema, "Hizi sindano zinauondoa?"

"Daktari anasema bado haujapungua."

"Basi muulize vizuri. Muulize kama ni mama yake."

Nilimwuliza, yule daktari kijana wa wodini, maneno hayohayo. Alivua miwani. Akasema uvimbe umekua hata chini ya dawa, na kama ni mama yake angemrudisha nyumbani akae na wajukuu. Nikarudi nikamwambia. Mavyaa akasema tu, "Mbuya." Vizuri. Akaniomba nimtafutie kitambaa cha kufunga kichwa, chenye rangi, asirudi kwao kama kuku aliyenyonyolewa.

Samweli alipojua nimesema, alinikasirikia siku kadhaa. Halafu nikamkuta jikoni kwa mama yake, amekaa kwenye kigoda, mama anamsimulia jambo la utoto wake, naye analia na kucheka. Tangu hapo hajalitaja tena.

Nyangau ndiye aliyerudi kwenye maneno yake ya mwanzo. Hospitali imeshindwa, akasema. Sasa aitwe mwaguzi aseme ni nani anayemdhuru mama. Aliyasema haya wiki iliyopita, tumekaa wote uani kwa mavyaa, na hakunitazama, lakini wote walinitazama. Nilitaka kuinuka niondoke. Mavyaa akanizuia kwa mkono. Tumbo lake sasa limejaa maji, kusema kwake ni kwa vipande.

"Nyangau. Siku ile daktari alitaka damu. Yako ilikataa, haikuwa kosa lako. Ya huyu ilikubali. Iko humu." Akajigusa kifua. "Kama ana jini, basi jini hilo ndilo lililonipa mwaka huu. Nimewaona watoto wako wakibatizwa. Ukimwita mwaguzi, aanze na mimi."

Nyangau alipiga magoti, mtu mzima yule, akaweka kichwa kwenye miguu ya mama yake. Jana aliniletea kuni, akazipanga mwenyewe ukutani kwangu. Nikamkaribisha uji, akanywa.

Sasa ndilo ombi. Walipoondoka, mavyaa aliniambia, "Mwite mama yako." Nikamwambia safari ni ndefu na magoti yako hayana nguvu. Akasema, "Nimemtumia mtoto wake miaka yote hii na hatujaonana. Nataka kumwona mwanamke aliyekuzaa. Nataka akukute ukiwa kwako. Si vizuri aje kwenye kilio, akaona watu tu asinione mimi."

Mama, najua ulivyosema nilipoolewa, kwamba bara hutakanyaga. Sikuandikii kukusuta. Nakuandikia kwa sababu daktari wa Kisii alipomwona juzi alisema tusihesabu mbali, na mimi kila nikikaa naiona treni ya Mombasa inaondoka bila wewe. Njoo na kaka Stefano akushike mkono. Pandeni treni mpaka Nairobi. Binamu wa Samweli atawapokea, awapandishe basi la Kisii, na Samweli atakuwa stendi. Chukua sweta, chukua na ile kanga nzito, baridi ya huku inaingia mifupani. Usihangaike na zawadi. Ukiweza, lete chumvi ya kwetu kidogo na kipande cha papa mkavu, nina hamu nacho, ingawa kukila itabidi nijifiche na Wasabato hawa, ambao samaki asiye na magamba hawamgusi.

Nisalimie kaka Stefano na mkewe, na dada Perisi pamoja na mapacha wake. Msalimie shangazi Eda anayekufulia, umwambie dawa yake ya magoti naikumbuka. Na mchungaji wetu, umwombe atutaje kwenye maombi, amtaje Kerubo kwa jina.

Nimeinuka tena kumtazama. Ameamka. Anajua Kiswahili kidogo sana, cha sokoni, na tangu juzi anamwomba Kwamboka amfundishe. Kutoka hapa nilipo namsikia nyuma ya ukuta, pumzi inamkata katikati ya neno, anaanza upya: "Karibu, dada. Habari ya safari?" Mtoto anamsahihisha, naye anarudia. "Karibu, dada. Habari ya safari?"

Njoo umjibu, mama.

Mwanao,
Rehema